Mdogo wangu amekubali kutibiwa: tumpeleke sober, au anywe methadoni akilala nyumbani?

Swali:

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 27. Anatumia unga mwaka wa 6 huu, alianza kwa kuvuta na tangu mwaka jana anajidunga. Mwezi uliopita alisema mwenyewe kwamba amechoka, anataka kutibiwa. Mama anataka tuuze kiwanja cha Mkuranga tumpeleke sober house miezi 6. Mimi nimesikia methadoni inatolewa bure Hospitali ya Temeke, nasi tunakaa Tandika, si mbali. Lakini mjomba anasema methadoni ni kumtoa mtu kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine. Asubuhi anatetemeka mpaka apate pombe kali kidogo, na akikosa unga anameza valiamu, vile vidonge vya usingizi. Analala chumba cha uani na binamu yetu, ambaye naye anatumia. Tuchague lipi?"

Jibu:

Marahaba dada, na poleni sana. Nitatanguliza jibu ili usihangaike kulitafuta: kiwanja msiuze sasa. Mpelekeni kwanza hospitali kwa ajili ya ile pombe na valiamu, halafu aanze methadoni, dawa ya kunywa kila siku badala ya unga, pale Temeke akiwa anatokea nyumbani. Ila kile chumba cha uani kisibaki kama kilivyo. Sober iwekeni akiba, na nitakueleza ni wakati gani inafaa na ni nyumba ya namna gani ya kuikimbia.

Umeniuliza kuhusu unga, lakini mimi nimeshtushwa na pombe. Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili uliozoea heroini ukiikosa, ni kali. Inaanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho: miayo, macho na pua kutoa maji, vipele vya baridi, kuhara, kutapika, maumivu ya mifupa, usingizi kukata kabisa. Siku ya 2 na ya 3 ndizo mbaya zaidi, na kwa wengi inapungua ndani ya wiki moja. Mgonjwa analia anakufa, lakini kijana asiye na maradhi mengine akipewa maji ya kutosha huivuka. Pombe si hivyo. Mtu anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, mwili wake umeshaizoea pombe kiasi kwamba akinyimwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2, na kati ya siku ya 2 na ya 4 akachanganyikiwa, akaona watu wasiokuwepo, joto likapanda, akapoteza maisha. Valiamu nayo ina degedege lake, na kwa kuwa inakaa mwilini muda mrefu linaweza kuja hata baada ya wiki nzima, wakati ndugu mmeshaanza kushukuru Mungu.

Kwa hiyo msimfungie chumbani, na msimpeleke moja kwa moja kwenye nyumba isiyo na muuguzi ambako ataambiwa akate vyote siku moja. Hospitali yenye huduma ya afya ya akili itamlaza siku chache, itampa dawa ya kutuliza na kuipunguza hatua kwa hatua, na itampa vitamini B1, ambayo mnywaji wa kila siku huwa ameishiwa nayo na ubongo unaumia kwa kuikosa. Hapo ndipo penye ulazima wa kulala. Watu wengi wanachanganya kulazwa na sober, wakadhani ni kitu kimoja. Kulazwa ni kwa ajili ya kuvuka siku za hatari ukiwa chini ya macho ya wauguzi. Sober ni mahali pa kuishi miezi kadhaa ukijifunza kukaa bila dawa. Mdogo wako anahitaji la kwanza kwa hakika. La pili linategemea mambo mengine.

Sasa nije kwa mama, maana hoja yake ina uzito. Sober house, au nyumba za upataji nafuu kama zinavyoitwa rasmi, zilianzia Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 2000 kisha zikaenea bara. Nyingi zinaendeshwa na watu waliokuwa watumiaji wenyewe, na zinafuata hatua 12 za Narcotics Anonymous, chama cha kusaidiana cha watu wanaoacha dawa za kulevya. Nguvu yao iko hapo. Mimi nikimwambia kijana kwamba maisha bila unga yanawezekana, ananisikiliza kwa heshima tu. Akiambiwa na mtu aliyelala naye maskani moja, mwenye makovu yaleyale ya sindano mkononi, anaamini. Anaamka alfajiri, anafagia, anapika kwa zamu, anakaa kwenye kikao na kusema mbele ya wenzake mambo ambayo hajawahi kumwambia hata mama yake. Kwa mtu ambaye kwa miaka 6 hajapanga siku yake hata moja isipokuwa kutafuta kete, ratiba hiyo peke yake ni tiba. Nimewaona waliopona huko, wana familia na kazi, siwezi kuwasahau.

Shida ya sober inakuja siku ya kurudi nyumbani.

Kuna familia moja niliyoifahamu. Kijana wao alikaa sober miezi 5, akanenepa, ngozi ikang'aa. Jumamosi aliporudi walipika pilau, majirani wakaja kumpa mkono. Jumatatu jioni rafiki wa zamani alimkaribisha kwa kete moja ya bure. Alijidunga kiasi alichokizoea zamani, tena pungufu kidogo. Walimkuta chooni, mlango umefungwa kwa ndani, sindano bado mkononi. Mwili unaotumia kila siku hujenga uvumilivu: kiasi ambacho kingemuua mgeni, yeye kinamtoa arosto tu. Ukikaa wiki chache bila kutumia uvumilivu huo unaondoka, lakini kichwa bado kinakumbuka dozi ya zamani. Ndiyo maana wiki za mwanzo baada ya kutoka sober, hospitali au gerezani ni za hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kuzidisha dozi kuliko hata zile alizokuwa akitumia kila siku. Familia nyingi hazijaambiwa jambo hili na mtu yeyote, nami nakuomba umweleze mama leo hii.

Kuna utafiti maarufu wa Marekani ambao huwa naukumbuka kila ninapozungumzia hili. Wanajeshi wengi waliopigana Vietnam walitumia heroini wakiwa huko, na takriban mmoja kati ya 5 alikuwa mraibu. Serikali iliingiwa na hofu kwamba watarudi na uraibu wao. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia waliorudi kuanzia 1971, na akakuta kwamba kati ya wale waliokuwa waraibu, walioangukia tena kwenye uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani walikuwa takriban asilimia 5 tu. Wengi hufurahia habari hii wakasema: unaona, ukimhamisha mtu anapona! Lakini tazama vizuri. Wanajeshi wale waliuacha unga vitani na kurudi nyumbani ambako haukuwa karibu nao kama kule. Mdogo wako ataenda sober, kusiko na unga, halafu atarudi Tandika, kwenye uchochoro uleule na kijiwe kilekile. Safari yake ni kinyume cha yao.

Methadoni inafanya kazi palepale penye hatari, na hiyo ndiyo sababu naitanguliza. Mjomba wako si mtu mbaya. Anasema wanachosema wengi, na kuna chembe ya kweli ndani yake: methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, na mwili huizoea. Tofauti iko kwenye muda na kiasi. Unga unaisha nguvu baada ya saa chache, ndiyo maana mtumiaji anahitaji mara 3 au 4 kwa siku, na kati ya kete na kete anatafuta hela. Kuku wa jirani huibiwa hapo, na simu ya mama huuzwa hapo. Methadoni inakaa zaidi ya saa 24. Anakunywa mara moja asubuhi, arosto haiji, na dozi ikishakaa sawa haimpi stimu. Akijidunga unga juu yake, stimu ni ndogo mno kuliko aliyoizoea. Amebakiwa na siku nzima ya kufanya shughuli nyingine. Muulize mjomba kwa upole: mtu anayekunywa dawa saa 2 asubuhi akaenda gereji kufanya kazi mpaka jioni, na usiku akalala kwao, huyo ni mlevi wa namna gani? Shirika la Afya Duniani limeiweka methadoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2005. Hapa kwetu ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala 2012 na Temeke 2014, Zanzibar wakaanza 2015. Kenya walianza Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Mombasa.

Nikuonyeshe dirisha la dawa lilivyo, kwa sababu watu wanaliogopa bila kulijua. Mteja anafika na kitambulisho chake. Mfamasia anamtazama usoni, analinganisha na picha kwenye faili, anamwangalia kama macho yamelegea au anayumba. Akinuka pombe au akisinzia, hapewi siku hiyo mpaka daktari amwone. Dawa ni ya maji, inapimwa kwa mililita na kumiminwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Anakunywa mbele ya dirisha, anaongezewa maji kidogo, anakunywa tena. Halafu anaulizwa swali lolote, "Mama hajambo?", na lazima ajibu kwa sauti. Si adabu tu. Mtu aliyebana dawa mdomoni ili akaiuze nje hawezi kujibu. Anatupa kikombe, anaenda zake. Haichukui dakika 3.

Kazi ngumu ni kurudi kesho, na keshokutwa, na Jumapili, na sikukuu. Akikosa siku 3 mfululizo au zaidi lazima daktari ampime upya, na mara nyingi dozi hushushwa kwa usalama wake. Baadaye, akishakuwa imara, baadhi ya wateja hupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, lakini si mwanzoni. Ukitokea msiba kijijini, msiondoke naye bila kupitia kliniki, kwa sababu huweza kupangiwa utaratibu. Nimeona watu waliokaa vizuri miezi 8 wakaanguka kwa safari moja ya arobaini. Nyinyi mko Tandika, hata nauli ikikosekana anatembea. Wapo wanaotoka mbali kila alfajiri, na wengi wanaoacha huachishwa na nauli. Ukitaka kujua hela ya mama itumike wapi, anza hapo: nauli na chai ya asubuhi.

Kuna hatari moja ya methadoni ambayo sitaki uisikie kutoka kwa mtu mwingine. Wiki 2 za mwanzo dozi inaanzia chini, kwa kawaida miligramu 15 hadi 30, na inapandishwa polepole mpaka ifike kwenye 60 hadi 120, kiasi ambacho wengi hutulia nacho. Katika siku hizo za mwanzo bado atahisi arosto kidogo, atasema dawa haifanyi kazi, na atashawishika kuongezea valiamu na pombe. Methadoni, valiamu na pombe kwa pamoja huzima pumzi usingizini. Ndiyo maana nimesema pombe na valiamu zishughulikiwe kwanza, na ndiyo maana lazima kliniki iambiwe ukweli wote siku ya kwanza, hata kama ana aibu. Usiku akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo ikabadilika rangi, ukimtikisa haamki: mlaze ubavu, msimnyweshe maziwa wala chochote, mumsaidie kupumua kama kuna anayejua, na mumkimbize hospitali mkisema wazi alichotumia. Kuna dawa ya kuzindua iitwayo naloksoni, na haiwezi kumsaidia mtu aliyefichwa nyumbani.

Kwa kuwa anajidunga, siku hizohizo apimwe VVU, homa ya ini na kifua kikuu. Kliniki za methadoni zimezoea kutoa dawa za magonjwa hayo pamoja na methadoni. Akikutwa na kifua kikuu (TB), dawa iitwayo rifampisini huishusha methadoni mwilini, na arosto inamrudia ghafla katikati ya matibabu. Si kwamba ametumia unga kwa siri. Dozi inahitaji kuongezwa.

Ukiniuliza ni lini ningesema sober kwanza, ningetaja hali chache. Mtu asiye na pa kulala. Mtu anayeishi nyumba inayouza. Mtu mwenye ugonjwa wa akili uliochachamaa, ingawa huyo ni wa hospitali kabla ya sober. Mtu ambaye dawa yake si ya jamii ya unga: methadoni haimsaidii chochote anayetumia kokeini, bangi au mirungi, kwake yeye mazungumzo na mabadiliko ya mazingira ndiyo tiba yenyewe. Na mtu aliyejaribu methadoni kwa dhati, kwa dozi ya kutosha, mtaa ukamshinda. Nje ya hapo, tafiti zilizolinganisha waliolala na waliotokea nyumbani hazioneshi tofauti kubwa ya matokeo kwa watu wengi. Kinachotofautisha ni nani aliyebaki kwenye tiba. Chini ya miezi 3 faida ni ndogo, popote alipolala. Kwa methadoni tunahesabu mwaka mmoja kuwa mwanzo tu, na wengi huhitaji miaka kadhaa. Mama anafikiria miezi 6 na kumaliza. Mwambie kwa upole kwamba haumalizi hivyo, uwe umeuza kiwanja au hujauza.

Nirudi kwenye sentensi uliyoiweka mwishoni kabisa kwenye barua yako, kana kwamba ni jambo dogo: analala chumba kimoja na binamu anayetumia. Dada, hiyo ndiyo inayoniondolea usingizi mimi. Usiku saa 4 binamu akiwasha kibiriti chini ya karatasi ya fedha, harufu ile inamfikia mdogo wako kitandani kabla hajajua kama anataka au hataki. Hakuna kliniki itakayoshinda harufu hiyo kila usiku. Mna njia mbili. Ya kwanza, mdogo wako ahamie ndani, hata kama ni godoro sebuleni, au akae kwa ndugu mwingine aliye karibu na Temeke kwa miezi michache ya mwanzo. Ya pili ndiyo ninayoipenda, na sioni mtu aliyeiwaza katika barua yako: mwulizeni binamu naye kama anataka. Umesema mdogo wako amechoka. Watu wawili wanaotumia pamoja chumba kimoja mara nyingi huchoka pamoja, ila mmoja ndiye anayepata ujasiri wa kusema. Nimewaona ndugu wawili wakija dirishani pamoja kila asubuhi, mmoja akimwamsha mwenzake. Kama binamu hataki, usimfukuze kwa matusi, lakini chumba kigawanywe.

Mkifika mahali pa kuihitaji sober, nendeni kuitazama kabla ya kulipa hata shilingi. Nendeni bila taarifa, saa za mchana. Angalieni milango: komeo likiwa nje ya chumba cha kulala, ondokeni. Ukiona mnyororo au mtu mwenye alama za viboko, ondokeni na mkatoe taarifa. Zungumzeni na mmoja wa wakaazi pembeni, bila msimamizi. Ulizeni ni nani anayewatibu arosto, na mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa wapi, kwa gari gani. Ulizeni kama wanampokea mtu aliye kwenye methadoni. Nyumba nyingine hukataa, zikisema usafi ni kuacha kila kitu, na mtu akaachishwa dozi ghafla kwa ajili ya kupata kitanda. Hiyo msikubali. Na muulize swali ambalo wachache huuliza: akitoka, mnamfuatilia vipi wiki ya kwanza? Mkijibiwa "atakuwa ameshapona", mmeshapata jibu. Nyumba hizi zinasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na mnaweza kupiga 119 bila malipo kuuliza kama nyumba fulani inatambulika. Walioko Kenya, namba ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

Wiki hii fanyeni hivi. Mpeleke asubuhi, wewe mwenyewe, kabla hajaenda kijiweni, na msimkatie pombe nyumbani ili "afike msafi". Nenda na vidonge vyote anavyomeza kwenye mfuko, hata vile visivyo na jina. Kliniki itataka ndugu wa kusimama naye, na inaweza kuwaelekeza kwanza kwenye asasi inayofanya kazi na watumiaji mtaani kwa vikao vya maandalizi. Msivunjike moyo mkiambiwa mrudi kesho, rudini. Mama abaki na hati ya kiwanja chake. Na usiku wa leo, kabla ya yote, ingia uani ukae na binamu yako, umuulize na yeye.